Barafu Iliyomshika Mume Wangu

Mtu akiniuliza leo bahari ya kusini inaganda lini na kuyeyuka lini, namjibu bila kufikiri. Inaanza kutanuka mwezi wa tatu na wa nne, huku kwetu Nyololo tunapoanza kutoa masweta masandukuni. Inazidi kutanuka kipupwe chote. Inafika kilele mwezi wa tisa, sisi tukiwa tumeshaanza kuota jua, halafu inarudi nyuma polepole hadi mwezi wa pili, ambapo hubaki kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Sijawahi kuiona. Hata bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, Dar es Salaam, nikiwa na mtoto mgongoni na jua linanichoma utosi, na sikupata muda wa kuitazama vizuri. Haya yote niliyajua kwa sababu moja: nilitaka kujua kama mume wangu ananidanganya.

Mume wangu ni fundi wa injini za meli. Watu hucheka wakisikia, maana yeye ni mtoto wa Uyole, Mbeya, amekulia kwenye viazi na mahindi, na maji mengi aliyoyajua utotoni yalikuwa ya mfereji. Lakini alisomea ufundi, akapata kazi melini, na meli ikamchukua jumla. Miaka ya karibuni amekuwa kwenye meli moja inayotoka Cape Town kupeleka chakula, mafuta na watu kwenye vituo vya utafiti huko Antaktika. Inaondoka mwishoni mwa mwaka, kiangazi cha huko kinapoanza, na kurudi baada ya Krismasi. Miezi mingine anakwenda na meli nyingine. Nyumbani huja kama anavyokuja askofu: kwa taarifa, kwa mapishi, na kwa kuondoka kabla watu hawajamzoea.

Mimi nafuma masweta ya shule. Mashine yangu iko chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara kuu, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana na ukungu wa Mufindi unaingia hadi ndani kama mwenye nyumba. Mtoto wetu ni mmoja, binti, muuguzi huko Iringa mjini. Tangu aondoke kwenda chuo nimekuwa nikipika chakula cha mtu mmoja, na sijajifunza bado. Napika kingi, nala kidogo, kesho yake napasha moto. Majirani wananijua kwa ulimi wangu na nadhani wanadhani mwanamke mwenye maneno mengi hawezi kuwa mpweke. Wanakosea. Nilikuwa mpweke hadi nikawa naisemesha mashine.

Kilichonishika ni sauti zake za simu. Alikuwa anazituma asubuhi, intaneti ya meli ikikubali, na mimi nilizisikiliza nikiwa na kikombe cha chai kabla sijakaa kwenye kazi. Si mtu wa maneno matamu. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniambia amenikumbuka, na mimi sikumwomba, maana mtu ukimwomba neno kama hilo akakupa, linakuwa limeshapoa. Yeye alinieleza barafu.

"Bahari haigandi kama maji ya ndoo," alisema siku moja. "Kwanza yanakuwa mazito, kama uji mwepesi. Halafu yanatokea mapande ya duara, kingo zimeinuka, yanagongana gongana. Ukiyatazama kwa juu utasema mtu amemwaga chapati baharini."

Siku nyingine alinieleza kwamba maji ya bahari yakiganda hutema chumvi yake. Ile chumvi inabaki kwenye maji ya chini, yanakuwa ya baridi na mazito, yanazama hadi kwenye sakafu ya bahari na kuanza kutambaa taratibu kuelekea kaskazini. Akasema chini kabisa ya Bahari ya Hindi, kule mwanga usikofika, kuna maji yaliyotoka huko alipo yeye. Nilikaa na hilo kwa muda. Niliona kama amenitumia kitu, ingawa hakikusudiwa mimi wala hakingefika Nyololo.

Basi binti yetu akapata mchumba. Kijana wa Idodi, wazazi wake wakulima wa mpunga, wao Wakatoliki, sisi Walutheri, lakini hilo lilishazungumzwa likaisha. Kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, mahari ya binti hupokelewa kwao, kwa hiyo ilibidi watu watoke Idodi hadi Uyole, nyumbani kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Siku ya mahari ina mambo mengi, ila lililo zito kuliko yote ni shukrani. Upande wa mchumba wanasimama mbele ya baba wa binti na kumwambia: asante kwa kutulelea. Wanamvisha blanketi mabegani. Hapo ndipo binti anahesabika ametolewa. Mume wangu alisema meli itakuwa imerudi Cape Town kabla mwezi wa kwanza haujaisha, kwa hiyo tukapanga mwezi wa pili. Binti akanunua kitambaa, nami nikaanza kumfumia baba yake sweta la kuvaa siku hiyo, la rangi ya kijivu, kwa mkono na si kwa mashine.

Kabla mwezi wa kwanza haujakolea ikaja sauti ya mume wangu. "Mama, tumebanwa. Upepo umegeuka, unaisukuma barafu yote kwenye ukingo wa bara, na sisi tuko katikati. Hatusogei mbele wala nyuma. Tunasubiri."

Nilipowapa watu taarifa, nilijuta. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinipigia simu kutoka Mbeya siku hiyo hiyo.

"Ugonile wifi. Ati kaka ameshikwa na barafu?"

"Ndiyo wifi. Meli imebanwa."

"Mbona redioni wanasema ile barafu inaisha duniani? Inaisha kwa watu wote, kaka yangu ndiyo imemkuta yote?"

Akacheka, na mimi nikacheka naye kwa sababu nilitaka simu iishe. Lakini Nyololo hapo hapo, kwa mama wa duka la jirani, nilikuta habari imeshafika na imeshavaa nguo nyingine. Kwamba mabaharia wote wana mke bandarini. Kwamba Cape Town ina wanawake warefu. Mama wa duka akaniambia kwa huruma, na huruma yake ilinichoma zaidi ya kicheko cha wifi: "Dada, wanaume hawa, bora angekuambia tu nauli imekosekana. Barafu! Hizi maneno zao bwana."

Nilirudi nyumbani na hasira, nikamtumia mume wangu sauti. Nilimwambia: mimi si mtoto. Wewe mwenyewe umeniambia barafu ya huko ilikuwa ikitanuka na kupungua bila mpango, halafu miaka hii ya karibuni imeshuka ghafla kuliko ilivyowahi kuonekana. Sasa kama imepungua, imepata wapi ya kukubana wewe?

Jibu lake lilikuwa refu kuliko sauti zote alizowahi kunitumia. Alisema swali langu ni zuri. Alisema barafu ya kaskazini na ya kusini hazina tabia moja: ya kaskazini imezungukwa na nchi kavu na imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, ya kusini inaizunguka nchi kavu na iko wazi kwa upepo na mawimbi pande zote, ndiyo maana ni kigeugeu. Na kupungua kwa jumla hakuna maana ya kupungua kila mahali. Tena barafu inayopungua inakuwa nyepesi, inavunjika, na iliyovunjika ndiyo upepo huikokota utakavyo. Kisha akanitumia ramani. Ilikuwa ni picha ya rangi inayotoka kwenye satelaiti kila siku, nyeupe mahali barafu ilipojaa, samawati hafifu mahali ilipotawanyika, na buluu ya kukoza mahali penye maji matupu. Akanichorea duara jekundu kwenye ghuba ndogo pembeni mwa bara, yenye umbo la pengo la jino. "Tuko hapo," alisema. "Fungua kila asubuhi. Pakigeuka buluu, ujue tunakuja."

Pale kwenye pengo palikuwa peupe pe. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mume wangu amekwama kweli.

Kuanzia hapo asubuhi zangu zikawa na kazi. Nilifungua ramani kabla ya kufungua mlango. Nilijua siku upepo ulipoikaza barafu na siku ulipoilegeza. Alinieleza kwa nini watu wanaihangaikia: ikiwa nyeupe inalirudisha jua lilikotoka, ikiondoka bahari nyeusi inalimeza, inapata joto, na joto hilo linayeyusha nyingine. Nilielewa bila shida. Nafua sweta jeupe na sweta jeusi kila wiki, nayaanika kamba moja, na najua lipi linashika moto mapema. Alisema pia kuwa theluji ikilala juu ya barafu ni kama blanketi, inazuia baridi isishuke, kwa hiyo iliyofunikwa sana hukua polepole. Niliyapenda maelezo hayo. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza hivyo, hata tulipokuwa wachumba. Mvua ilikuwa inapiga bati kutwa nzima, wakusanyaji wa pombe ya ulanzi walikuwa wanapita na madumu yao wakitoka kwenye mianzi, na mimi nilikuwa ndani peke yangu nikitazama rangi za bahari ambako hakuna mtu anayeishi.

Halafu pengo likageuka buluu.

Si ghafla. Kwanza ulitokea mstari mwembamba kutoka kwenye bahari kuu, kama mtu amekata shati kwa mkasi, kisha mstari ukapanuka, na asubuhi moja lile duara lote lilikuwa buluu ya kukoza. Nilisimama katikati ya chumba nikapiga kigelegele peke yangu. Nikasubiri sauti yake. Ilikuja jioni: "Mama, bado imetubana. Hali ni ile ile."

Sikumwuliza. Nilikumbuka alichowahi kuniambia, kwamba satelaiti nayo hudanganyika: kiangazi maji yakituama juu ya barafu, yenyewe inadhani imeona bahari. Nikasema ndiyo hiyo. Barafu ipo, ila ina maji juu. Nikakishika kisingizio hicho kwa mikono miwili, na mtu angeniona angesema nimekichukua kanisani. Nilikilinda siku baada ya siku huku buluu ikisambaa hadi mbali kabisa na pengo, hadi ikafika mahali ambapo hata mimi, mfuma masweta, nilijua kuwa hakuna dimbwi la maji linaloweza kuwa kubwa namna ile. Bahari ilikuwa wazi. Meli yoyote ingepita. Na yeye alikuwa bado ananiambia upepo, barafu, tunasubiri, kwa sauti ile ile ya utaratibu aliyonifundishia.

Sikulia. Nilimalizia mkono wa sweta la kijivu, nikalikunja, nikaliweka kwenye begi la safari, maana siku ilikuwa imefika. Kwa binti sikusema neno. Nilijiambia mtoto asiingie kwenye ndoa yake akiwa amebeba uongo wa baba yake, mzigo huu nitaubeba mimi.

Uyole tulikuta matope hadi kwenye vifundo vya miguu na turubai limefungwa uani kwa shemeji. Shemeji yangu ni mtu wa taratibu. Kwa ukoo wao baba akiwa hai lakini hayupo, koti lake huvalishwa kiti na kiti kinakaa mahali pake. Alikuwa amelitoa koti la mdogo wake, la zamani, linanuka naftalini, akalivalisha kiti cha mbao katikati ya wanaume. Nikamkabidhi lile sweta, akalikunjua na kulitandika juu ya koti. Mimi nikaingia ndani kwa wanawake, maana siku ya mahari mama wa binti hukaa ndani na kusikiliza kupitia ukuta.

Watu wa Idodi walifika wamechelewa. Barabara iliwatesa. Msemaji wa upande wetu akawatoza faini ya kuchelewa, kama ilivyo ada, blanketi moja na kreti ya soda, watu wakacheka, wakalipa. Kisha msemaji wao, baba mdogo wa kijana, mzee mwembamba mwenye sauti ya kupoa, akasimama.

"Kamwene wakwe zetu. Tumelipa. Na sisi tunaomba kutoza. Tumekuja kumshukuru baba, tumeonyeshwa koti."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Tunaambiwa ameshikwa na barafu. Sisi watu wa shamba hatujui hiyo barafu. Lakini redio tunasikiliza, wanasema barafu inaisha. Sasa wakwe, sisi hatutaki ugomvi. Tunataka tu kujua baba wa huyu binti yuko wapi. Kama hayupo kwa sababu hamtaki mtoto wetu, semeni. Hatuwezi kuchukua binti wa mtu halafu baba yake aje kesho kusema hakutoa."

Nilimsikia shemeji akikohoa, akianza sentensi, akiiacha. Yeye mambo ya barafu aliyajua kama mimi ninavyojua misa ya Kilatini. Wifi, aliyekaa kando yangu na sinia la mchele mapajani, alinitazama, na safari hii hakuwa na utani wowote usoni. Binti yangu alikuwa kona ya chumba, amefunikwa khanga, sikuuona uso wake. Niliona tu mikono, imeshikana.

Nikainuka nikatoka nje. Wanaume waligeuka wote. Nilipiga magoti kidogo kumsalimu yule mzee, nikamwambia shikamoo, nikamwomba ruhusa nimjibu mimi, kwa kuwa ndimi ninayezungumza na mwenye koti kila asubuhi. Akanitazama, akaitikia marahaba, akakaa.

Nikamwambia ukweli mtupu kuhusu barafu. Niliomba ungo jikoni, wakaniletea wenye pumba ya mpunga kidogo ndani. Nikawaonyesha: pumba hii ni kidogo, imetawanyika, sakafu ya ungo inaonekana. Nikauinamisha. Pumba yote ikakimbilia upande mmoja, ikajaa hadi ukingoni. "Barafu ya dunia imepungua kweli, redio haisemi uongo," nikasema. "Lakini upepo ukiinamisha ungo, mtu aliyeko upande huu hana pa kupita." Nikawaambia habari ya chapati na ya chumvi inayozama. Nikawaambia habari ya sweta jeupe na jeusi kwenye kamba.

Yule mzee alisogea mbele kwenye kiti. "Sasa mama, hiyo barafu ya huko, sisi wa Idodi inatuhusu nini?"

Nikamwambia bahari ni moja. Joto linalomezwa huko halikai huko, linatembea na maji na hewa. Nikamwambia baridi zetu za mwezi wa sita, zile zinazochoma majani ya chai Mufindi, huja na hewa inayopanda kutoka kusini. Lakini kama barafu ikipungua mvua yake ya mpunga itaongezeka au itapungua, nikasema hapo sijui, na aliyenifundisha naye aliniambia wataalamu bado wanalifumua hilo fundo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani lile neno sijui ndilo lililomfanya aamini mengine yote.

"Kwa hiyo mkwe wetu yuko humo," akasema, akinyoosha kidole kwenye pumba.

"Yuko humo," nikasema.

Walisimama wote. Wakaliendea lile koti, wakalivika blanketi, la mistari ya kahawia, wakalikung'uta vizuri mabegani pa kiti. Yule mzee akasema asante kwa kutulelea, akiliambia koti. Vigelegele vikapasuka ndani. Wifi alikuja kunishika shingoni, analia. "Wifi nisamehe. Kaka yangu huko kwenye mabarafu, mimi nakaa namcheka." Nikampapasa mgongo. Sijawahi kukumbatiwa na watu wengi kama siku ile, na sijawahi kujisikia niko mbali na watu kama siku ile. Kila mtu alikuwa ameingia ndani ya jambo hilo na kufunga mlango, mimi nikabaki nje na ufunguo.

Wageni walipoondoka tulikuwa jikoni nyuma, mimi na binti yangu, tunasugua masufuria kwa majivu. Mvua ilikuwa imekatika. Alisugua sufuria moja muda mrefu hadi nikataka kumwambia litatoboka.

"Mama, asante kwa kumtetea baba."

"Ni wajibu wangu."

"Uliongea mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini."

Nikaacha kusugua. Hakuniangalia. Akaniambia meli ilishatoka kwenye barafu na ilishafika Cape Town, na baba yake amepanga chumba karibu na bandari. Mwanamke hakuna, alimuuliza moja kwa moja na anamwamini. Baba alimpigia yeye, akamwambia hawezi kuja. Alisema hawezi kukaa kwenye kile kiti watu wasimame kumshukuru kwa kulea. Alimwuliza: ulipolazwa ukiwa mdogo, uliumwa nini? Binti akamwambia, nimonia. Baba akasema unaona, hata hilo nimelazimika kukuuliza. Akasema blanketi hilo si lake, angeona aibu hadi mifupani.

"Akaniomba nisikuambie wewe. Alisema mama yako anaamini barafu, muache nayo, itamuuma kidogo kuliko ukweli."

Nilimtazama mwanangu, mtu mzima, mke wa mtu kesho kutwa, na nikaona wivu unanipanda kifuani. Nimwonee wivu mtoto niliyemzaa! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwake alikwenda na aibu yake, akaimwaga mbele yake, akalia pengine. Mimi alinipa upepo na ramani. Nilikuwa nimesimama mbele ya koo mbili kumkinga mtoto asijue, na mtoto alikuwa amekaa ndani kimya kunikinga mimi. Nikamwambia sawa mwanangu. Nikachukua sufuria lingine.

Nilirudi Nyololo peke yangu. Kutoka Uyole hadi Igawa nilikuwa napanga maneno, kufika Makambako nilikuwa nimeshayanoa. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua tangu pengo lilipogeuka buluu. Nilitaka kumwambia kwamba aibu yake nimeivaa mimi mbele ya watu, na kwamba mtu anayemwogopa mtoto wake kwa sababu hakumlea, dawa yake ni kuja, si kukaa mbali zaidi. Nilitaka kumuuliza mimi nimekosa nini hata nisiambiwe. Nilikuwa na mengi, na yote yalikuwa ya haki.

Alipiga asubuhi iliyofuata, si sauti ya kutumwa, simu yenyewe. Nyumba ilikuwa baridi, ukungu umeziba dirisha, malori yanasikika tu hayaonekani.

"Mama. Nasikia mambo yamekwenda vizuri."

"Yamekwenda vizuri."

"Huku bado. Ila imeanza kulegea kidogo."

Maneno yangu yote yalikuwa mdomoni. Nilivuta pumzi niyatoe, na hapo ndipo nilipoona kitu kilichonitisha kuliko uongo wenyewe: nikiitoa hii barafu katikati yetu, hatuna kingine. Hakuna siku ya mtoto tuliyokaa nayo wote wawili. Hakuna ugomvi wa zamani wa kuurudia, hakuna kicheko cha zamani. Miaka yote ile, mazungumzo tuliyowahi kuwa nayo, ya kweli, ya mtu kumsubiri mwenzake amalize, yalikuwa haya.

"Upepo unatoka upande gani leo?" nikamuuliza.

Nyuma yake nikasikia honi ya gari, na mtu anaita wateja kwa lugha nisiyoijua.

"Kusini," akasema. "Wa kutoka bara. Huo ndio unaotufungulia."

Akaanza kunieleza, na mimi nikavuta kiti nikakaa.